Sumaku Chini ya Ubao

Mtaani walimwita Mama Spika, kwa kuwa spika yoyote iliyoanza kukoroma ilipelekwa kwake. Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma, ambacho wengine hufanya stoo, na kilikuwa na sheria ambazo hata mumewe alizishika: usiingie na funguo mfukoni, usiweke simu mezani, usitenganishe sumaku kwa kuzivuta. Sumaku husukumwa ubavuni ikateleza polepole, na kipande cha ubao kikaifuata nyuma. Mumewe alisahau mara moja tu, na ukucha wake wa kidole gumba ulikuwa bado mweusi.

"Mke wangu anafuga mamba," aliwaambia watu. "Tena wa kwake wanakula mpaka spana."

Sumaku kali kuliko zote zilitoka kwenye mota ya lifti ya jengo lililobomolewa. Alizibandua kwa kabari za mbao, akaziviringishia vitambaa, kila moja na kisanduku chake. Hakuwa na kazi nazo. Alizitunza tu, kama mtu anavyolitunza neno la kumwambia adui siku atakapomkuta peke yake.

Adui mwenyewe alikuwa kaka yake.

Baba yao alipougua, Mama Spika ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Ndiye pia aliyeitia ufunguo saa yake ya mkononi kila asubuhi, maana vidole vya mzee vilikuwa vimeishiwa nguvu. "Nikifumba macho, hii ni yako," baba alimwambia. Kaka alifika siku ya mazishi. Mbele ya umati akaivaa ile saa, akasema huku machozi yakimtiririka kwamba baba alimkabidhi kwa mkono wake mwenyewe. Mama Spika akafungua kinywa. Shangazi akambinya kiwiko: "Usituaibishe mbele ya wageni, mwanangu." Akakifumba, na neno lile akaondoka nalo.

Kaka alikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha sabuni. King'ora cha kutoka kazini alikipiga kwa kuitazama saa hiyo, akijigamba kwamba saa ya marehemu haikosei.

Siku aliyoleta spika ya gari lake, sumaku moja ya lifti ilikuwa imefungwa tayari chini ya ubao mwembamba wa meza, pale pale mteja anapoegemea.

"Habari za vyuma, mdogo wangu?"

"Salama, kaka. Nishikie ncha za waya huu. Laza mkono hapo. Usitikisike."

"Mbona unanikamata kama mwizi?" akacheka.

"Mwizi ningemkaribisha kiti?"

Saa isingepata hata mkwaruzo. Hilo asingelifanya kwa kitu cha baba. Lakini sumaku ikikiingia kile kisipringi cha ndani ya saa, chembamba kama unywele, mizunguko yake hugandana, na saa huenda kama mtu anayefukuzwa na mbwa.

Basi ikaanza kukimbia. Kaka akawahi vikao na kuwagombeza waliokuja kwa wakati. Akapiga king'ora mapema, wafanyakazi wakaondoka na kuacha mapipa yakichemka, meneja akamfokea mbele ya wafagiaji. Wakambandika jina la Bwana Kesho. Kuipeleka kwa fundi saa hakuthubutu, akihofia kubadilishiwa mashine. Mtu aliyeiba huwaona wenzake wote wezi.

Mwishowe akarudi kwa dada yake, mabega yameshuka.

"Saa inanikimbia. Nadhani baba kaninunia."

"Kwani alikuambia nini alipokukabidhi?"

"Si alinipa tu."

"Siku gani?"

Kaka akatazama ukutani. Mama Spika akaichukua saa mpaka kona ya mbali, akawasha koili ya umeme ya kuondolea usumaku, akaipitisha katikati na kuiondoa taratibu, umbali wa mkono mzima, ndipo akazima. Akaiweka sikioni. Ilipiga kama ilivyopiga chumbani kwa baba, na kwa muda kidogo vidole vyake vikakataa kuiachia.

"Imepona," alisema. "Sasa leo hakuna wageni, tuko wawili. Baba alimpa nani saa hii? Sema mara moja tu, halafu ondoka nayo. Sitaidai."

Alimaanisha.

Kaka akamtazama, kisha akaangua kicheko. "Bado unalilia hilo? Hebu niambie, mtoto wa kike, saa ya kiume ungeipeleka wapi?"

Mama Spika naye akatabasamu.

"Kweli kaka, ningeipeleka wapi? Lete mkono nikufunge mkanda."

Akaulaza mkono wa kaka juu ya ubao ule ule wa meza, pale pale mteja anapoegemea. Akafunga bila haraka, tundu hili limelegea, tundu lile linabana, huku akimuulizia shemeji, watoto, na lile jino lake lililokuwa likimsumbua. Kaka alijibu yote kwa furaha.

"Asante, mdogo wangu. Kesho kuna mkutano na meneja, sitaki kuchelewa."

"Hutachelewa, kaka," akasema, akirudi tena kwenye tundu la kwanza.