Pini za Shangazi

Shangazi yangu ni fundi wa viti vya pikipiki, na kwa kushona hana mpinzani. Kwa kuokota pini, hana hata nia. Akishavuta ngozi juu ya sponji huishikiza kwa pini, halafu hushona, halafu husahau. Kwa hiyo sisi tuliokulia kwake tuna ugonjwa mmoja: hatukai popote bila kupapasa kwanza kwa kiganja. Iwe benchi la zahanati, iwe kiti cha harusini. Watu hudhani tuna kinyaa, kumbe tunaogopa kuchomwa.

Mwulize mwenyewe, atakana mchana kweupe. "Pini zangu hazijawahi kupotea. Hizo zinatoka kwa kinyozi." Kinyozi ni jirani yetu wa ukuta mmoja, na hajawahi kumiliki pini maishani mwake.

Mtoto aliyemlea kuliko sote ni Kijiti, mwana wa marehemu mdogo wake wa kike. Alimchukua akiwa bado ananyonya, akamkuza chini ya meza ya cherehani, akamfundisha kuendesha kwa pikipiki za wateja zilizoletwa kubadilishwa viti. Wateja hawakuambiwa. Kijiti alipoanza kuota ndevu, baba yake akaja kutoka nchi yake ya mbali, akamchukua. Sasa anashindana mbio za kimataifa, na kifuani ana bendera ya baba yake.

Siku mbio zilipoonyeshwa kwenye televisheni ya kinyozi, shangazi alivaa gauni lake la harusi za watu, akanivuta tukaenda. Mtaa mzima ulikuwa umeshachoka kusikia, "Mwanangu anakimbia leo."

"Kijana huyu ni wa huko huko kwa baba yake," mtangazaji akasema. "Kazaliwa huko, kalelewa huko, na pikipiki alianzia uani kwao."

Kinyozi akazima mashine, kichwa cha mteja kikiwa kimenyolewa nusu. "Mama, umesikia? Uani kwao. Sasa wewe ulimlea wapi, ndotoni?"

"Kwani huyo mtangazaji alikuwepo?"

"Bendera je?"

"Bendera imeshonwa tu. Hata mimi naweza kumshonea."

"Mshonee basi," akadakia mteja, "ila usiache pini."

Watu wakaangua kicheko. Shangazi hakucheka, alikuwa akisokota mkanda wa mkoba wake. Siku hizi Kijiti akipiga simu, maneno ya nyumbani yanamponyoka, na shangazi humwuliza, "Lakini unanikumbuka?" Huuliza kwa sauti ya utani. Mimi huona uso wake.

Kwenye televisheni, waendeshaji walikuwa wamesimama kando ya pikipiki zao wakishikiwa miavuli. Ishara ikatolewa wapande. Wenzake wakarusha miguu, wakakaa. Kijiti akainama, akapitisha kiganja juu ya kiti, mbele hadi nyuma, akarudia. Ndipo akakaa.

"Hiyo huenda ni dua," mtangazaji akasema, "aliyorithi kwa mababu zake."

Nikashindwa kujizuia, nikacheka. Kinyozi akanigeukia. "Hebu subiri. Si ndivyo huyu binti alivyolifanyia benchi langu alipoingia?"

"Ndivyo," mteja akasema, huku akijiinua kidogo kukichungulia kiti chake.

"Mama, hii familia yenu inapapasa nini?"

Macho yote yakamgeukia shangazi. Akiendelea kuzikana pini, amemkana na mtoto.

"Pini," akasema.

"Pini za nani?" Kinyozi aliuliza kwa sauti tamu kama asali.

"Zangu! Zangu zote, tangu zamani! Nilimchoma mwenyewe, nikamchomoa mwenyewe, akalilia mapajani mwangu. Haya, mwulizeni huyo baba yake kama aliwahi kumchoma!"

Kinyozi akakifuata kiti chake cha pembeni, kile asichomwachia mtu, akakisogeza mbele ya televisheni. Akakipapasa kwa kiganja, taratibu, mbele hadi nyuma.

"Kaa, mama Kijiti. Hakina kitu."

Kijiti alimaliza wa kumi na moja. Shangazi anasema wa kumi na moja duniani si mchezo, na mtaani hakuna anayembishia tena.

Kesho yake mteja mmoja alirudi na kiti kipya, uso umekunjamana, akiwa ameshika pini kwa vidole viwili. Shangazi akaiangalia vizuri, akamrudishia mteja mkononi.

"Hiyo? Kamwulize kinyozi."