Mzizi Ulioliwa Chini ya Boma la Chesang

Watu wa Kachibora walimjua Chesang kwa mambo mawili: maharagwe yake hayakuwa na mawe, na mvua ikinyesha humkuti ameketi. Mawingu yakishuka kutoka vilima vya Cherangany, yeye husimama mlangoni mpaka yapite. Wasiojua walimcheka. Waacheni wacheke. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu mama hakutafunwa na nyoka, alitafunwa na mlima.

Zamani aliishi kwenye miteremko ya Elgon na mumewe, Kiptanui. Msimu mmoja mvua ilizidi, wakasikia ngurumo chini ya miguu badala ya mbinguni, na kabla hawajatoka kipande cha mlima kikateremka na nyumba na mume. Chesang alipona na mtoto mgongoni. Kaka yake Kipkoech akamkatia sehemu ya shamba lake la tambarare huko Kachibora, naye Chesang akajenga na kuanza upya.

Sasa mtu wa namna hiyo, ukimwendea na kumwambia unataka kuchimba shimo bomani mwake ili usikilize chini ya ardhi, umemtendea nini? Watafiti walikuja kwa adabu, wakanywa maziwa, wakaeleza mengi kuhusu mitetemeko ya nchi za mbali. Chesang alishika neno moja tu, kusikiliza. Wakafukia chombo mfano wa sufuria, wakaunga nyaya, betri na sola, wakamwomba ng'ombe wasikaribie. Akakubali, maana ni mtu wa heshima. Lakini moyoni akasema hawa wamesikia kitu kinachoila ardhi kutoka chini. Nani huchimba ili asikilize mahali pasipo na sauti?

Juma lile lile akampeleka binti yake Jepkorir, yule wa mgongoni, sasa wa miaka sita, Bungoma kwa rafiki yake Zaitun. Walijuana sokoni Kitale, mmoja akiuza maharagwe na mwingine vitenge, kabla Zaitun hajahamia Bungoma na kufungua duka karibu na msikiti. Chesang alisema ni kwa muda kidogo tu. Kidogo ikawa mwaka.

Yeye mwenyewe akabaki. Kila watafiti walipokuja kuchukua rekodi za chombo, aliwapa chai akiwachungulia nyuso, wala hakuuliza. Huo ndio upumbavu wetu binadamu, tunaliogopa jibu kuliko jambo lenyewe.

Kisha, Januari ile shule za msingi zilipofanywa za bure, Zaitun akamtumia ujumbe: "Dada, nimwandikishe shule huku ama utamchukua? Ameanza kuniita mama. Mimi nafurahi, lakini hiyo haki si yangu." Chesang akapima moyoni. Kumrudisha mtoto juu ya ardhi inayoliwa, hawezi. Kumwacha huko ni kumpoteza akiwa hai.

Wiki ile alikuja mmoja wa watafiti peke yake, Farid, kijana wa Kitale aliyesomea miamba. Chesang hakungoja hata chai ichemke.

"Farid, mwanangu, mimi si mtu ya kusoma. Niambie tu ukweli. Inakuja lini?"

"Nini inakuja, mama?"

"Si hiyo mnasikiliza! Mlima ilinikulia bwana. Sasa hii nayo inaliwa kutoka chini, na nyinyi ati mnangoja tu?"

Farid aliweka spana chini. Hakucheka. "Ni kweli, mama. Huko chini kunaliwa."

Chesang akashika nguzo ya ghala.

"Lakini ni mambo ya zamani sana. Unajua, hii bara iko na mzizi ya mwamba mzee. Ukiilaza chini, itatoka hapa ifike Bungoma, na bado ipite. Joto ya chini inailainisha, inaimega pole pole, vipande vinazama. Pale imemegwa, mwamba moto unapanda kujaza. Ukipoa, huo ndio mzizi mpya. Ni mamilioni ya miaka, mama. Hata Elgon ilitapikwa na moto ya huko chini kabla watu hawajakuwa. Sisi tunasikiliza tu mitetemeko ya mbali ikipita, tujue wapi mzee amebaki na wapi ni mpya."

"Na wale wako juu hawakuanguka?"

Farid alitazama ghala. "Hii nguzo ni mpya?"

"Hiyo na ile. Mchwa ilikula. Mimi na Kipkoech tulishikilia na mti ya panda, tukaingiza ingine."

"Mlitoa mahindi kwanza?"

"Kutoa mahindi yote? Wapi! Yalikuwa tu ndani."

"Basi ni hivyo, mama."

Chesang aliigusa ile nguzo mpya. "Na ile ya Elgon?"

"Hiyo ni udongo ya juu, mvua na mteremko. Ngozi tu, si mfupa. Hapa kwako hakuna mteremko. Ningekuwa wewe, ningelala."

Chesang alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kisha kicheko tena, hata Farid akaogopa. Mwili ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetua kuni. Kesho yake alfajiri alimwachia Kipkoech ng'ombe akaenda Bungoma.

Zaitun alimpokea kwa furaha na machozi, maana alijua kilichomleta. "Lakini wacha nikuambie kitu, dada. Kila jioni huyu mtoto huniuliza kama umeanguka."

"Nani alimwambia mambo ya kuanguka?"

"Ni wewe. Siku ile ulimleta."

Mwaka mzima Chesang alikuwa amejipongeza kwa kumtoa mtoto hatarini. Haikumpitia akilini hata mara moja kwamba mtoto naye alimwacha mama yake hatarini, akaenda kulala na jambo hilo peke yake.

Jepkorir alitokea uani, akasimama mbali. "Nyumba imeanguka?"

"Hapana. Haianguki."

"Na ukijua itaanguka, mbona wewe ulibaki?"

Chesang alifikiria ng'ombe, akafikiria mahindi. Yote yalikuwa kweli, na hakuna lililotosha.

"Sikuwa na akili, mama," alimwambia mtoto. "Sasa nimepata. Twende nyumbani."

Jepkorir alimkagua toka kichwani hadi miguuni, akaona yuko mzima. Kisha akasogea, akamshika mkono, akauliza kama Mama Zaitun anaweza kuja kuona ng'ombe.