Nyumba Sijaifagia

Mjukuu wangu anarusha ndege. Nalisema mapema kwa sababu kijiji chetu chote cha Nemba wamechoka kulisikia, na mimi sijachoka kulisema. Ni zile ndege ndogo za kupeleka watalii porini. Yeye anakaa mbele, na watu wazima na ndevu zao wanafunga mikanda nyuma wakimtegemea msichana niliyemfuta kamasi mimi. Mama yake ndiye mtoto pekee niliyekuwa naye, na nilimzika wakati mjukuu wangu bado anatambaa. Shule niliishia la pili huko kwetu Ngara, nikaletwa huku kuolewa, lakini huyu nilimsomesha kwa maharage na kwa mgongo huu. Sina mwingine.

Juzijuzi alikuja likizo. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, akakaa kunisaidia kumenya ndizi. Hata sufuria haijajaa akasema:

"Bibi, nakwenda Afrika Kusini kujifunza kupindua ndege."

"Kupindua vipi?"

"Kuigeuza kichwa chini. Kuizungusha. Kuiacha ianguke, halafu kuikamata."

Kisu kikaniponyoka. "Unaiangusha kwa makusudi?"

"Kwa makusudi. Siku ikianguka yenyewe, niwe naijua." Kisha akacheka. "Na napenda, bibi."

Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Mtu anayekwenda kwa lazima unaweza kumlilia akabaki. Anayependa, utamshika wapi?

Likizo yote akawa anajiandaa. Alibeba ndoo ya maji kichwani akipanda mlima wa kisimani, na bomba lipo uani. Alisema kule juu kichwa kinakuwa kizito kama jiwe la kusagia, kwa hiyo shingo lazima ikomae. Akanionyesha na namna ya kubana miguu na tumbo na kukata pumzi, ili damu isikimbilie miguuni akazimia.

"Hiyo naijua," nikamwambia. "Ndivyo nilivyomsukuma mama yako. Unakwenda mpaka Afrika Kusini kufundishwa kuzaa?"

Tulicheka mpaka akajishika mbavu. Nilipoacha kucheka nikaona bado ninalia.

Asubuhi alikuwa anatembea uani kati ya migomba, macho kayafumba nusu, kiganja kakinyoosha mbele kama ndege. Kiganja kinapanda, kinalala chali, kinashuka kikizunguka, na yeye anazunguka nacho. Ndivyo wanavyokariri kabla ya kuruka. Jirani yangu akasimama kwenye ua akatazama weee, mpaka akashindwa.

"Mama, si ulituambia huyu ni rubani? Mbona anafukuza inzi?"

"Anasoma."

"Anasoma kwa mkono?"

"Wa kwako alisoma kwa macho, na bado yuko hapo anakula ugali wako."

Akaondoka kanuna. Nilimshinda mdomo, lakini niliingia ndani nikakaa kitandani. Kile kiganja kila kiliposhuka nilikuwa nakiona kinagonga chini.

Jioni ya kuaga nilimtolea rozari ya marehemu mama, aliyonivisha Ngara siku naletwa huku. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumkinga. Akaibusu, akanirudishia.

"Haiingii kwenye ndege, bibi. Tukiwa kichwa chini kila kilicholegea kinaelea, kinakwenda kukwama kwenye usukani. Tunatoa hata kalamu mfukoni."

"Vaa shingoni."

"Hata shingoni."

"Kwa hiyo na Mungu amelegea?"

Aliiweka kiganjani mwangu, akanikunja vidole kimoja kimoja kama maiti anavyofungwa mikono kabla ya kuzikwa. Hajawahi kunirudishia kitu mtoto yule, hata kiporo. Nilijiona sina kazi tena duniani. Anakwenda kuning'inia mbinguni, na hakuna hata uzi uliotoka kwangu utakaokuwa naye.

Kulipopambazuka akapanda gari. Sasa kwetu msafiri akitoka, nyumba haifagiliwi mpaka afike. Ukifagia, umemfagia na yeye njiani. Tangu anakwenda shule ya bweni tunafanya hivyo. Anafika, anapiga simu, ananiambia, "Bibi, fagia," ndipo nashika ufagio.

Safari hii pia alipiga. "Nimefika, bibi. Fagia."

Nikauchukua ufagio, kisha nikamuuliza, "Na kesho?"

"Kesho naruka mara ya kwanza."

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Napanda, napinduka, nashuka palepale."

"Na keshokutwa?"

"Hivyo hivyo."

Nikaurudisha ufagio nyuma ya mlango. Mtu anayetoka kila siku na haendi popote, amefika lini? Sikumuuliza. Angecheka, na mimi kicheko chake nisingekiweza.

Maganda ya ndizi za siku aliyoondoka yamekauka jikoni, kuku wanaingia kuyachakura. Vumbi limelala mpaka kwenye kiti chake. Leo asubuhi jirani kaja, kanionea huruma, kasema mzee umechoka, lete nikufagilie, na mkono wake ulishafika nyuma ya mlango. Nimemnyang'anya ufagio kwa nguvu ambazo sikujua bado ninazo, nimeuweka chini, nimeukalia. Kaniambia nimechanganyikiwa. Nimemwambia ndiyo, aende.