Nafasi ya Kaka

Jina la Pasi hakulipata kazini, ingawa kazi yake ni udobi na pasi haimtoki mkononi kutwa nzima. Alipewa na kaka yake utotoni, kabla hajajua hata kufua leso, kwa sababu alikuwa mwepesi wa kupata moto na mzito wa kupoa. Kwa hiyo mchana ule alipotoka ndani ya jengo na kukuta gurudumu la mbele la gari lake limefungwa mnyororo wa manjano, waliokuwa karibu walisogea pembeni bila kuombwa.

"Nani kafanya ujinga huu?" aliuliza, na aliyefanya amesimama palepale mbele yake, mlinzi wa maegesho, mrefu, kizibao cha manjano kifuani, funguo zikining'inia kiunoni.

"Mimi, mama. Hapa ni pa walemavu."

"Kwani kadi huioni? Au hayo macho umewekewa ya urembo?"

Kadi ilikuwepo kweli, nyuma ya kioo cha mbele, ina alama ya kiti cha magurudumu na picha ya kaka yake akiwa amekunja uso kama mtu aliyelazimishwa kupigwa picha.

"Kadi naiona, mama. Mwenye kadi ndiye simwoni."

"Yumo humo ndani, kazini kwake! Nimekuja kumchukua!"

Mlinzi aligeuza shingo taratibu kukitazama kibanda cha fundi saa kando ya mlango mkuu. Kilikuwa kimefungwa, kufuli limekaa mlangoni.  Kule kutazama kulimpandisha Pasi mori kuliko tusi, na kwa muda mrefu jengo zima lilimsikia. Alimwita mlinzi mchawi wa magari. Alimwambia mnyororo ule ungemfaa yeye mwenyewe shingoni. Mlinzi alisikiliza mikono ikiwa nyuma, kisha akamwelekeza dirisha la kulipia.

Tusimfichie. Siku hiyo kaka yake alikuwa amelala nyumbani na homa. Pasi alikuja peke yake na suti tano za bwana mmoja wa ghorofa ya tatu, suti zilizomla asubuhi nzima, mikunjo ya suruali imekaa sawasawa, na bwana mwenyewe alizitaka kabla ya mkutano. Maegesho yalijaa pomoni. Kuliacha gari barabarani na kupanda na suti mteremko katika vumbi lile ni kuzifua upya. Nafasi ya walemavu ilikuwa wazi, kadi iko kwenye kioo, na hakuna aliyemtazama. "Dakika moja tu," alijiambia, akatupia suti begani na kukwea ngazi mbilimbili.

Alijua alikosa. Kwa sababu alijua, alikasirika zaidi. Kuonewa alikuwa amekuzoea, na dawa yake anaijua: unapiga kelele mpaka mtu aone aibu. Lakini kukamatwa kwa haki, tena na mlinzi, hilo lilimkaa kooni kama mfupa.

Na mtu asidhani Pasi alikuwa mmoja wa wale wanaodharau nafasi zile. Ni yeye aliyezipigania. Kaka yake alikuwa fundi umeme hadi siku aliyoanguka kutoka kwenye nguzo, mguu wa kulia ukakatwa juu ya goti. Baada ya hapo alijifungia chumbani, mapazia yamevutwa, anakula akiletewa, anaoga akibembelezwa. Aliyemtoa mle ni Pasi, na hakumtoa kwa upole. "Utaota kuvu humo ndani!" alimfokea kila asubuhi, mpaka mtu akachoka kufokewa akajifunza kazi ya saa. Kile kibanda nacho kilipatikana kwa domo la Pasi, maana alikwenda ofisi za lile jengo mpaka makarani wakawa wanajificha chooni wakimwona.

Ila kutoka barabarani hadi mlangoni kuna mteremko mrefu wa zege, laini kama sahani. Kwa mwenye miguu miwili ni pumzi kidogo. Kwa mwenye magongo na mguu wa bandia, kigutu kinachubuka, na ikifika jioni soksi imelowa damu. Nafasi ya walemavu iko mlangoni kabisa. Gari likisimama pale, kaka anashuka, hatua chache, amefika kazini. Likikosa pale, siku hiyo hakuna kazi. Ni hivyo tu, hakuna namna ya tatu.

Sasa waone wazima wenyewe. Bwana ana kifua kama mlango wa benki, anaegesha gari lake kubwa juu ya ile alama iliyochorwa chini, anashuka akiruka kama mbuzi. Ukimuuliza, dakika moja tu, dada yangu. Bibi kaja kununua rangi ya kucha, dakika moja tu. Kijana kasimama kula aiskrimu, yumo humo humo ndani ya gari, dakika moja tu. Mtu mwenye mguu mmoja anasubiri kwenye gari la dobi, jua linamchoma, na hawa watu hawana hata haya ya kutazama chini. Pasi alishuka akagombana nao kila asubuhi, kaka yake akimwita dirishani, "Achana nao, Pasi, turudi." Na mara nyingi walirudi.

Hadi alipokuja huyu mlinzi mpya. Wiki yake ya kwanza alilifunga mnyororo gari la rafiki wa meneja wa jengo, na rafiki alipotaja jina la meneja, mlinzi akamuuliza kama meneja ni mlemavu. Tangu hapo nafasi ikawa wazi kila asubuhi. Kaka na mlinzi wakawa wanagonganisha ngumi mlangoni kama vijana waliokulia mtaa mmoja.

Huyo ndiye Pasi aliyemvalia njuga.

Alilipa faini mnyororo ukafunguliwa, kisha akapanda moja kwa moja kwa meneja kushtaki. Kesho yake dukani kwake, kila mteja aliyeleta shati aliondoka na kisa, na kila mara kisa kilitiwa chumvi. Asubuhi mlinzi alikuwa na majibu ya ovyo. Mchana akawa amewacheka walemavu. Ilipofika jioni alikuwa amemsukuma mwanamke mtu mzima mpaka akapepesuka. Pasi aliirudia hiyo ya kusukumwa mpaka bega likaanza kumuuma kweli, na ndivyo alivyomweleza meneja aliyempigia simu, akaongeza kwamba anawafahamu watu wa redio.

Meneja alitaka wafike wote wawili, yeye na mwenye kadi. Ikithibitika mlinzi amemsumbua mlemavu, atafukuzwa. Ikithibitika kadi imetumiwa bila mwenyewe, gari la Pasi halitaingia tena kwenye maegesho yale.

Pasi alimpelekea kaka habari hizo nyumbani kwake, amesimama, mikono kiunoni.

"Lakini mimi sikuwemo," kaka alisema.

"Najua hukuwemo! Unadhani sijui?"

"Sasa nikaseme nini?"

"Ukaseme ulikuwemo. Neno moja, basi. Wakilizuia gari, atakayepanda ule mlima na magongo ni wewe, si mimi. Mimi nina miguu."

Lilimtoka, na hakukuwa na jinsi ya kulirudisha. Kaka alicheka kidogo puani.

"Kweli," alisema, "unayo."

Hakukubali, hakukataa. Pasi aliamua kuwa amekubali, maana alitaka iwe hivyo.

Ofisi ya meneja ilikuwa baridi, na viti vyake vya wageni vilikuwa vya kuzama. "Karibuni, kaeni, jisikieni nyumbani," meneja alisema. Pasi akakaa. Kaka akabaki wima kwenye magongo, kwa sababu kiti cha namna ile akikiingia hatoki bila kuvutwa, na meneja hakuuliza kwa nini. Mlinzi alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi.

Meneja aliwaonyesha picha za kamera. Gari linaingia. Mlango wa dereva unafunguka, Pasi anaruka nje na suti begani, mbio. Upande wa pili kioo kinameta kwa jua, ndani hapaonekani.

"Hapa tunakuona peke yako, mama."

"Nilimwacha garini. Alikuwa na homa, ningemshushaje?" Hadithi ya kibandani aliiacha, maana kufuli lilikuwa shahidi. Homa angalau ilikuwa ya kweli, na Pasi aliishikilia kwa mikono miwili.

"Mzee, nithibitishie tu. Ulikuwemo?"

Kaka aliinamia magongo yake.

"Nilikuwemo," alisema, kwa sauti ambayo ilibidi uitege sikio.

Meneja alishusha pumzi. Huyu hakutafuta ukweli, alitafuta redio zimwache. Akamgeukia mlinzi na ukali wa mtu ambaye sasa hapotezi kitu.

"Umesikia?"

"Bosi, nilichungulia vioo vyote. Gari lilikuwa tupu."

"Kwa hiyo huyu mzee, na hali yake hii, ni mwongo? Na huyu mama naye, hukumsukuma?"

"Sikumgusa, bosi." Mlinzi alimtazama Pasi. Pasi aliitazama kalenda ukutani kwa makini sana.

"Vua kizibao. Na funguo hapo mezani."

Mlinzi alivua. Shati la ndani lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho, hata katika baridi ile. Alikikunja kizibao vizuri, pembe kwa pembe, akakiweka mezani na funguo juu yake. Kisha akamgeukia kaka.

"Nisamehe, kaka, kama nilikukosea. Mimi nilidhani naitunza nafasi yako."

Kaka aliinua kichwa kutoka kwenye magongo.

"Mrudishie," kaka alisema.

"Samahani, mzee?"

"Mrudishie kizibao chake! Gari lilikuwa tupu. Siku hiyo nililala nyumbani na homa, sikutia mguu humu. Na kumsukuma hakumsukuma, huyu angesukumwa mngesikia mpaka huko barabarani."

"Kaka!"

"Nyamaza, Pasi!"

Hakuwahi kumwambia hivyo maishani, si kabla ya kuanguka, si baada.

"Siku ngapi nimekaa kwenye gari lako nikisikiliza wazima wakisema dakika moja tu? Nikameza. Nikasema hawajui, laiti wangejua wasingefanya. Wewe unajua! Wewe ndiye unayenivua soksi ikiwa na damu. Halafu ukaichukua sura yangu ukaibandika kwenye kioo, ukapanda ngazi unakimbia. Mtu mmoja katika jengo zima aliyenitunzia pa kushukia, umenileta hapa nimwage unga wake kwa mdomo wangu mwenyewe. Na mimi, mshenzi, nikakubali!"

Mate yalimruka. Uso wake ulikuwa umebadilika, mwekundu machoni, na Pasi alitambua kwa mara ya kwanza kwamba hasira ile anayojivunia yeye, nyumbani kwao hawakuigawa kwake peke yake.

Meneja alikohoa. Alikirudisha kizibao kwa kukisukuma kwa vidole viwili, akasema kwamba utaratibu ni utaratibu, na kuanzia leo gari la mama lisionekane tena ndani ya maegesho. Alisema pia anasikitika. Pasi alimpa vipande vyake kuhusu masikitiko yake, na kiyoyozi chake, na viti vyake vya kuzama, lakini moto ulikuwa umepungua, naye mwenyewe aliusikia ukipungua.

Nje akamwashia kaka moto. "Umejikata mwenyewe! Umefurahi? Haya, kesho utafikaje hapa? Atakubeba huyo mlinzi wako?"

Kaka alifungua mlango wa gari, lililokuwa limesimama katika nafasi yake kwa mara ya mwisho. Hakupanda. Alijipinda ndani, akaitoa kadi kwenye kioo, akaitia mfuko wa shati, akaufunga mlango bila kuubamiza. Kisha akageuka na kuanza kuushuka mteremko.

Mwanzo Pasi alidhani ni maigizo. Kisha akaona mgongo ule ukienda, gongo, gongo, mguu, ukisita kila zege linapoteleza. Akaruka garini, akawasha, akamfuata. Alimfikia katikati, akashusha kioo, akaenda naye sambamba, gari likitambaa kwa mwendo wa magongo.

"Panda, kaka. Tutagombana nyumbani."

Gongo, gongo, mguu.

"Utachubuka! Nani atakuosha kidonda usiku? Si mimi? Kaka!"

Nyuma yao magari yalianza kupanga foleni, na honi ya kwanza ikalia. Siku nyingine Pasi angeshuka akamuuliza mwenye honi kama anajifungua. Leo hakuisikia vizuri. Alikuwa analia, na kulia kwenyewe kulimkasirisha, akayafuta machozi kwa kiganja kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemmwagia.

"Nimekosa!" alisema. Alilisema kwa kelele, sauti ileile ya kutukania watu, kwa sababu nyingine hakuwa nayo. "Umesikia? Nimekosa mimi! Panda basi!"

Kaka alisimama. Aliegemea gongo moja, kifua kikipanda na kushuka, jasho likimdondoka kidevuni. Pasi akanyoosha mkono haraka akamfungulia mlango kwa ndani. Honi zilikuwa tatu sasa, nne.

Kaka hakugeuka.

"Sogeza gari, Pasi," alisema. "Unazuia watu."