Vidonge Asubuhi, Mtukuru Ukweni

Chekeni tu, mimi nimeshajicheka. Juzi nilikwenda Ilongero kumposea mpwa wangu. Njiani nikaingia kwenye lile duka jipya la dawa. Mama muuzaji alisoma cheti changu, akanipa vidonge vya kuwashwa mwili, akaonya, "Baba, usiguse pombe."

Lakini mshenga akikataa mtukuru, pombe yetu ya mtama, amekataa undugu. Nikamaliza kibuyu, na kwa ulafi wangu nikaomba cha pili. Nilipofungua mdomo kutaja ng'ombe, nikaangukia mapajani mwa baba wa binti.

Nilizinduka nimelazwa ubavu. Mama wa binti, aliyerudi kutoka kazini, alikuwa amenishika kichwa nisipaliwe na matapishi. Mungu ambariki, bila yeye ningekufa.

"Ni uchovu tu, mama," nikadanganya.

"Baba, pale dukani nilikuambia nini?"