Mifuko ya Rubani

Rubani wa kindege cha Wajir huikunja midomo ya mifuko ya kutapikia kabla ya kuwagawia abiria, na wakitua huipokea mwenyewe, uso haukunji. Ramadhani hii abiria mmoja, mama aitwaye Weris, alitapika mpaka Nairobi, akalia kwamba saumu aliyoishikilia safarini, amwombee mwanawe aliyelazwa huko, imeharibika. "Hooyo, matapishi yakija yenyewe hayavunji saumu," rubani akamwambia polepole, akimwita mama kwa Kisomali. "Lete, huo ni mzigo wangu."

Wiki haikuisha, akamrudisha Wajir, mwanawe amelazwa nyuma ya viti, ndani ya sanda. Alimpa mfuko uliokunjwa vilevile. Weris hakutapika. Walipotua rubani akanyoosha mikono. "Lete, hooyo." Weris akampa mfuko mtupu, naye akaupokea kwa mikono miwili, kama uliojaa.