Shemeji yangu alivyoacha kuitikia salamu, tukampeleka imejensi Kasulu

Wakuu, nawasalimu wote, wakubwa shikamooni na wadogo nimewapokea. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo herufi zikipinda mzinyooshe wenyewe. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu, sikuongeza kitu.

Naanzia mbali kidogo, mtanivumilia.

Zamani, kabla sijaoa, nilikuwa natundika mizinga ya nyuki kwenye mapori ya kwetu Kibondo pamoja na rafiki yangu Bukuru. Siku moja tulikwenda kurina asali, moshi ukatuzimikia, nyuki wakatuvamia. Tulikimbia! Mimi mbele, shati nimeliacha huko huko porini.

Njiani tukakutana na bibi mmoja na mbuzi wake.

Mimi nilipita mbio. Bukuru akasimama. Wakuu, nyuki wako shingoni, yeye kachuchumaa, anapiga makofi polepole kama tunavyosalimiana sisi Waha. "Mwakeye bibi. Mbuzi hawajambo? Wajukuu je? Mvua huko kwenu imenyesha?"

Bibi mwenyewe anamfukuza, "Nenda mwanangu, utakufa!"

Hakwenda mpaka apate majibu yote. Alivimba uso hadi macho hayaonekani. Mama yangu alipomwona akasema huyu ana adabu, huyu anafaa kuoa. Na kweli akamwoa dada yangu Anastazia, wakahamia Kitanga, upande wa Kasulu. Wakalima mihogo na maharage, na nyuki akaendelea nao.

Kwa hiyo akawa shemeji yangu, na mimi na shemeji ni utani mtupu. Kila nikifika kwake namwambia, "Wewe ukifa, mizinga yote naibeba." Naye jibu lake ni moja tangu tukiwa vijana, "Utaibebaje, na shati huna?"

Sasa ndiyo naingia kwenye habari yenyewe.

Juzijuzi, wakati wa kuvuna maharage, dada akanipigia simu. "Kaka, njoo. Shemeji yako amebadilika."

Nilimkuta barazani, ameegemea ukuta, anatazama kuku. Hana homa, hakohoi, hasemi anaumwa wapi. Chakula anakisukuma. Ameshaanguka njiani kwenda chooni. Majirani wanasema ni uzee tu huo, mwacheni apumzike. Mmoja alishaanza kuuliza mizinga itakuwa ya nani. Utani ni wangu, lakini kutoka mdomoni kwa yule jamaa haukunichekesha hata kidogo.

Nikamwambia, "Shemeji, leo mizinga naibeba."

Akanitazama kama hanijui. Habari ya shati hakuitaja.

Hapo niliogopa. Nikatafuta probox, tukamweka kiti cha nyuma, tukashuka naye mpaka hospitali mjini Kasulu, pale kwenye idara ya dharura, wenyewe wanapaita imejensi.

Kulikuwa na watu! Watoto wana homa, kijana wa bodaboda mguu umevunjika, anapiga kelele mpaka nje. Shemeji yangu kimya, hatoki damu, halii. Wakuu, mzee wa namna hiyo ni rahisi kusahaulika, hata na watu wenye roho nzuri. Nesi alimpima presha, akampima joto, joto likawa la kawaida.

Kisha akaja daktari, binti mdogo tu, lafudhi yake si ya huku. Lakini mila zetu alishazishika. Akainama, akapiga makofi. "Mwakeye mzee."

Kimya.

Nyie ambao si wa huku niwaeleze. Mzee kushindwa kuitikia salamu, kwetu ni kama kuvuliwa nguo mbele za watu. Dada yangu akaidaka mikono ya mumewe, akaigonganisha yeye mwenyewe, pa, pa, akaitikia kwa niaba yake. Akasema, "Ameitikia, daktari. Amechoka na safari tu."

Daktari akamwambia taratibu, "Mama, samahani. Naomba uiachie mikono yake, aitikie mwenyewe."

Dada akaiachia. Mikono ikaanguka mapajani, ikatulia hapo.

"Nyumbani huwa anaitikia?"

Mimi nikadakia, "Daktari, huyu alisalimia akiwa na nyuki shingoni!"

"Nyuki gani?"

Nikaanza kumsimulia toka mwanzo, na bibi na mbuzi wake, nesi akanikata, "Babu, fupisha, kuna foleni." Lakini daktari alikuwa ameshamgeukia dada. "Ameacha lini, mama?"

Dada machozi yakamtoka. "Tangu juzi. Kila mgeni akija nampigia makofi mimi. Sikutaka waseme amerudi utotoni."

"Huu si uzee, mama. Uzee hauji kwa siku mbili."

Wakampima damu na mkojo. Kumbe ana maambukizi kwenye mkojo, na maji yamemwishia mwilini. Daktari akatueleza kwamba kuna wazee homa haiwapandi kabisa, ugonjwa unajionyesha kwa kuchanganyikiwa na kuangukaanguka. Tungemwacha pale barazani tungempoteza.

Akalazwa, akawekewa dripu na dawa. Halafu wakatuambia tusimwache amelala tu, tumkalishe, tumtembeze, maana mzee akikaa sana kitandani miguu inamwisha nguvu. Dada akabisha, mgonjwa atembee vipi? Basi tukawa tunamshika huku na huku, mpaka dirishani na kurudi.

Si wote wanaotoka vizuri, nisiwadanganye. Kitanda cha jirani alikuwepo mzee wa Kagerankanda, amevunjika nyonga, ameletwa amechelewa. Walimhamishia hospitali kubwa. Bado namuwaza.

Asubuhi moja nikamwambia Bukuru kama kawaida, "Shemeji, gari la kubeba mizinga nimeshalipata."

Midomo ikatikisika. Nikasogeza sikio.

"Na shati unalo?"

Dada akatoka nje haraka, akaenda kulilia kwenye korido. Daktari alipopita kuwaona wagonjwa, shemeji ndiye aliyeanza kupiga makofi, akamuuliza habari za wazazi wake na za mvua huko kwao.

Nilichojifunza mimi: mzee wako akibadilika ghafla usiseme uzee, mpeleke. Na ukifika usimjibie, hata kama unaona aibu kwa ajili yake. Sema alivyokuwa siku zote na ameacha nini, ndicho wanachotaka kujua. Kama yamewakuta ya namna hii andikeni hapa chini, nasoma polepole lakini nasoma.

Nimalizie na siku aliyoruhusiwa. Nilimletea kiti cha magurudumu mpaka mlangoni. Akakiangalia, akasema, "Kaa wewe, ndiwe uliyezoea kukimbia." Akapita pembeni yake. Getini akasimama kwa mlinzi, akapiga makofi, akauliza watoto, akauliza mvua, sisi tunamsubiri juani. Kisha akashika njia ya kwenda kwenye gari, mkono mmoja begani kwa Anastazia, hakugeuka.

Dawa zake za presha, zile za siku zote, anachukulia zahanati ya kijijini. Pale imejensi hajarudi tena.